Run haikimbii

Pampu ya maji mara nyingi huja na karatasi iliyobandikwa ubavuni: "Do not run dry." Mashine ya kupulizia salfa kwenye mikorosho huja na kijitabu, na kwenye ukurasa wa kuihifadhi msimu ukiisha utakuta: "Run the carburettor dry." Run ile ile, dry ile ile, amri mbili zinazopingana. Fundi anayejua kwamba run ni kukimbia na dry ni kavu hatoki na chochote mkononi. Akibahatisha, ataua kimoja kati ya hivyo viwili.

Ile ya pampu inasema: usiiwashe bila maji ndani. Kwenye shafti kuna sili inayopozwa na maji yale yale yanayopita. Ikizunguka bila maji, dakika chache tu zinatosha kuiunguza, na pampu inaanza kuvuja shingoni. Ile ya mashine ya salfa inasema kinyume: funga koki ya petroli, acha injini iendelee kunguruma mpaka izime yenyewe, ili kabureta ibaki tupu. Petroli ikiachwa humo miezi kadhaa hukauka na kuacha utando kama gundi, utando unaziba jeti, na siku ya kuanza kupulizia tena mtu anavuta kamba mpaka mkono unauma, mashine kimya.

Kwa sisi tunaofundisha Kiingereza cha kazini huku Mtwara na Lindi, kwa mafundi, wauguzi, makarani wa vyama vya msingi na waongoza watalii wa Mikindani na Kilwa, neno hili ndilo linalostahili kuja mwanzo, kabla ya orodha ndefu za misamiati. Peter Gilliver, mmoja wa wahariri wa Oxford English Dictionary, alipolipitia upya alihesabu maana 645 za run ikiwa kitenzi peke yake. Kabla ya hapo sifa ya kuwa na maana nyingi kuliko maneno yote ilikuwa ya set, ambayo katika toleo la mwaka 1989 ilikuwa na maana 430 hivi. Hakuna Mwingereza anayezijua zote kichwani, na wala hazihitaji. Anachojua ni kutazama majirani wa neno.

Mswahili hana haki ya kulalamika hapa, maana tunayo piga. Tunapiga simu, tunapiga pasi, tunapiga deki, mswaki, picha, kura, magoti, hodi, mbizi na chafya, na hakuna aliyeumizwa. Mgeni aliyeambiwa kwamba piga ni kumchapa mtu atashangaa kwa nini mswaki unapigwa kila asubuhi. Sisi hatushangai kwa sababu hatulisikii piga peke yake. Masikio yanasubiri neno linalofuata ndipo maana ije. Run isikilizwe hivyo hivyo, ila majirani wa kutazama ni watatu: nani au nini kinachorun, kinarun nini, na kuna kijineno gani mkiani, yaani out, up, into na wenzao.

Jambo moja la asili linasaidia. Katika Kiingereza cha kale neno hili lilikuwa rinnan, na lilibeba mtiririko wa maji sawasawa na mbio za miguu. Kwa hiyo "the river runs" si lugha ya picha iliyobuniwa baadaye na washairi. Ni maana ya tangu zamani. Ukilichukua run kama kitu kinachokwenda bila kukatika, kama maji, nusu ya matumizi yake yanafunguka. Bomba likiachwa wazi, "the tap is running". Tangazo la afya likisema nawa mikono kwa "running water", linataka maji yanayomiminika, ya kopo au ya bomba, yasiwe ya beseni moja mlilochovya wote. Kanga mpya ikichuja kwenye sabuni, "the colour runs". Rangi ya ukutani iliyozidishwa maji inachuruzika, nayo "runs". Pua yenye mafua ni "a running nose", ingawa Waingereza wengi husema runny. Na mikutano ikifanyika siku tatu mfululizo, ni "three days running", bila mtu kutoka jasho.

Kiswahili chetu kina neno linalokaribiana sana na run, nalo ni kuendesha. Duka unaliendesha, kikao unakiendesha, mashine ya kusaga unaiendesha, programu ya kompyuta unaiendesha. Zote hizo ni run: "She runs a shop in Chikongola." "Run the machine for five minutes without load." Kosa la kwanza kwenye daftari za wanafunzi liko hapa hapa: wanaandika "The shop runs by two sisters" wakitafsiri linaendeshwa na. Kiingereza kinataka "is run by". Umbo hili la tatu la run (run, ran, run) linafanana na la kwanza, na ndiyo maana linaponyoka.

Kosa la pili ni kubwa zaidi, maana sentensi inabaki sahihi ila inasema kitu kingine. Gari tunaliendesha, lakini "I run a car" haisemi kwamba umeshika usukani. Inasema unalo gari na unabeba gharama zake: mafuta, bima, matairi, matengenezo. Ndiyo maana gharama hizo zinaitwa "running costs". Kushika usukani ni drive, baiskeli na pikipiki ni ride. Kijana wa bodaboda akimwambia mgeni "I run a motorcycle", mgeni atamchukua kama mmiliki. Labda ndivyo alivyotaka! Boti vivyo hivyo: "He runs a boat to Msimbati" inaelekea kwenye biashara ya kusafirisha watu, nahodha mwenyewe anaweza kuwa mwingine. Lakini ukiongeza mtu kati ya run na mahali, maana inageuka tena: "I'll run you to the airport" ni kumpeleka mtu uwanjani, kwa wema au kwa haraka, na hata hapo mtu hakimbizwi.

Kuendesha huko huko kunatupeleka hospitali. Tumbo la kuendesha tumelitafsiri neno kwa neno likawa "running stomach", na Afrika Mashariki nzima inaelewana hivyo. Daktari mgeni anaweza kukunja uso kidogo. Neno la kitabibu ni "diarrhoea", na la mtaani kwao ni "the runs", lenye s na lenye the, ambalo haliandikwi kwenye faili la mgonjwa. Muuguzi akilisikia kwa mtalii aliyekula pweza wa jana asitafute viatu vya mazoezi.

Wodini run inafanya kazi nyingine tatu zenye uzito. "He is running a temperature" ni ana homa. Kipimo kikitajwa kinafuata moja kwa moja, "a temperature of 39". "We'll run some tests" ni tutapima vipimo. "It runs in the family" ni ugonjwa uliomo kwenye ukoo, na sentensi hii ni ya kuijua kwa sababu selimundu inaulizwa hivyo. Anayemtafsiria mama aseme: katika ukoo wenu, kwa baba au kwa mama, yuko mwenye ugonjwa huu? Akisema "inakimbia katika familia", mama atajibu hapana, maana hakuna anayekimbia.

Ya nne ndiyo tunayoirudia kuliko zote: "Run 1 litre over 4 hours." Run hapa ni kuipeleka dripu, na over ni ndani ya muda wa. Wapo wanaokumbuka "run over" ya gari kugonga na kupita juu, wakahisi sentensi inazungumzia kuzidisha. Haizidishi chochote, inataka lita moja iishe kwa saa nne, yaani ml 250 kila saa. Ukitumia seti ya matone 20 kwa ml, hesabu ni 1,000 mara 20, gawa kwa dakika 240, unapata matone 83 kwa dakika. Seti ya matone 15 inakupa 63 hivi. Idadi imeandikwa kwenye pakiti ya seti yenyewe, na za watoto mara nyingi ni matone 60, kwa hiyo isomwe kabla ya kuichana na kuitupa.

Kuna run ambayo haiendi popote. "The pipeline runs from Madimba to Dar es Salaam." Bomba limelala chini ya ardhi tangu lilipokamilika mwaka 2015; gesi ndiyo inayokwenda. Run hapa inachora mstari: kitu kinaanzia hapa, kinapita kule, kinaishia pale. Kiswahili kinaweka kutoka na hadi, au kupita. "The road runs through Mingoyo" ni barabara inapita Mingoyo. "The border runs along the Ruvuma" ni mpaka unafuata mto Ruvuma. Ukiweka "The Ruvuma runs into the Indian Ocean", sasa maji yanatembea kweli. Na sentensi moja ya historia inabeba yote mawili kwa pamoja: "A railway once ran from Mtwara to Nachingwea." Ni reli iliyojengwa kwa ajili ya ule mradi wa karanga wa Waingereza uliosambaratika, ikafungwa mapema miaka ya 1960 na kung'olewa. Ran inaweza kusema reli ilitandazwa kati ya miji hiyo, au treni zilikuwa zikisafiri. Msomaji habanwi achague. Ila ikiongezwa "twice a week", ni safari. Ikiongezwa "across the plateau", ni reli yenyewe.

Waongoza watalii wa Kilwa Kisiwani wanapenda jozi hii: "Kilwa ran the gold trade from Sofala" na "Kilwa's trade ran as far south as Sofala." Ya kwanza Kilwa ilishika hatamu za biashara ya dhahabu ya Sofala. Ya pili biashara yake ilifika hadi Sofala. Jirani mmoja kabadilika, dola imegeuka ramani.

Kwa watu wa baharini tunakwenda haraka, maana wenyewe wana maneno mazuri kuliko ya kitabu. Chombo kilichopwelewa "has run aground". Kwenda na upepo wa tezini ni "running before the wind". Injini ya boti ikitoka maji ya chumvi inatiwa kwenye pipa la maji baridi na "run for ten minutes", ili chumvi isigande kwenye njia za kupoozea.

Run ikifuatwa na neno la sifa inasema hali imekuwa vile. "The well ran dry": kisima kimekauka. "We are running late": tumechelewa na bado tunazidi kuchelewa. "Stocks are running low": akiba inakaribia kuisha. Hapa ndipo tunapomkamata karani kwa "The diesel is finished". Si kosa la kufia, watu wataelewa, lakini Mwingereza anasema kwa njia mbili zisizochanganyika. Mafuta yakiwa ndiyo mwenye sentensi: "The diesel has run out." Watu wakiwa ndio wenye sentensi: "We have run out of diesel." Ukisahau of kwenye ya pili umeharibu, ukiiweka of kwenye ya kwanza, mafuta yameishiwa na kitu. Tunawaambia wanafunzi wapime kwa Kiswahili: imeisha haina of, tumeishiwa ina of. Kipimo hicho hakijawahi kuvunjika.

Barua za biashara na mikataba zina run yake, baridi na ya hatari. "The agreement shall run for two years from 1 July": mkataba utadumu miaka miwili. "The 30 days run from the date of the invoice": siku 30 zinaanza kuhesabiwa tarehe ya ankara, na mzigo unaweza kukufikia siku ya 12, umebakiwa na 18. "Interest runs from the date of default": riba inaanza kuhesabiwa siku uliyoshindwa kulipa. Katika run ya namna hii kuna swali moja tu la kuuliza, nalo ni kuanzia lini. Tafuta from. Kama haipo, usitie saini kabla ya kuuliza. Na "losses may run into millions" haina mgongano wowote; hasara inaweza kufika mamilioni.

Mikia sasa. Run into mtu ni kukutana naye bila kupanga. Run into ukuta ni kuugonga. Run into matatizo ni kuyakuta. Run through orodha ni kuipitia upesi. Run across ni kukumbana na kitu kwa bahati. Hii mitatu haitenganishwi: huwezi kusema "I ran him into" ukimaanisha ulikutana naye. Run up na run off zinatenganishwa: "He ran up a debt" au "he ran it up", "run off twenty copies" au "run them off", hiyo ya pili ikiwa ni kutoa nakala. Run by, kwa maana ya kumwonyesha mtu jambo ili atoe maoni, lazima itenganishwe: "Run it by the manager first." Kwenye duka la mkopo kuna jozi ya kuchekesha kidogo: aliye-run up debts amelimbikiza madeni, aliye-run away from debts amekimbia madeni, na kwa kawaida ni mtu yule yule, wiki mbili baadaye.

Run down ina nyuso tano, na hapo hatuna dawa ila kutazama jirani. Betri iliyo-run down imeisha chaji. Nyumba ni chakavu. Mtu akisema "I feel run down" amechoka mwili, karibu kuugua. Gari liki-run down mbuzi limemgonga. Na ukim-run down mwenzako, unamsema vibaya.

Run in, upande wa pikipiki mpya, ni kuilainisha injini: usifungue gia ya mafuta mpaka mwisho, usikae kwenye kasi moja muda mrefu, badilisha oili mapema kuliko kawaida, mara nyingi kilomita 500 au 1,000 za mwanzo kadiri kijitabu kinavyosema. Vyuma vipya vinasuguana na kuacha unga wa chuma kwenye oili, ndiyo sababu oili ya kwanza haiachwi ikae. Weka kistari katikati, "a run-in with the police", na umeshaingia kwenye kutoelewana na trafiki.

Majina yanayotokana na run hatuyasumbukii sana, yanajifunza yenyewe. Runway ni njia ya kurukia ndege. A chicken run ni uzio wa kuku kutembea. A dry run ni jaribio kabla ya kazi yenyewe, na hapa dry haihusiani na maji wala petroli. Runoff ndiyo pekee ya kuangalia: kwenye taarifa za mazingira ni maji ya mvua yanayotiririka juu ya ardhi, yale yanayoingia kwenye mashamba ya chumvi na kuiyeyusha, kwenye habari za siasa ni duru ya pili ya uchaguzi. Tanzania rais hupatikana kwa wingi wa kura bila duru ya pili, ila Msumbiji, ng'ambo ya Ruvuma, sheria yao inayo, kwa hiyo anayesoma magazeti ya kule kwa Kiingereza atakutana nayo. Kugombea kwenyewe ni "run for" kwa Mmarekani, na Mwingereza husema zaidi "stand for".

Namna ya kujifunza ni daftari lenye safu nne: kinachorun, kinarun nini, mkia, halafu sentensi nzima kwa Kiswahili. Safu ya neno moja kwa neno moja usiiweke, hiyo ndiyo inayoleta kukimbia. Mifano itoke kwenye vitu halisi: chupa ya oili, barua ya mnunuzi wa korosho, kadi ya kliniki, ujumbe wa simu. Mitano kwa siku inatosha. Sentensi ukiitafsiri na neno kimbia likaonekana humo, irudie; kama mwenye sentensi hana miguu, karibu kila mara umekosea. Karibu, kwa sababu saa inayotangulia wakati hata sisi tunasema inakimbia, na Mwingereza anasema "it's running fast".

Yaliyobaki ni ya kalamu na ulimi. Run, ran, run: umbo la tatu linarudi kwenye la kwanza, kwa hiyo "has run", kamwe si "has ran", na "runned" haipo. Running ina n mbili, maana neno fupi lenye irabu moja na konsonanti moja mwishoni huongeza konsonanti kabla ya ing. Kwa ulimi, run ina a fupi, karibu na a ya kata. Ran inafungua mdomo zaidi na kuelekea e kidogo. Wengi wetu tunazitamka zote mbili "rani", na i ya bure mwishoni. Iondoe hiyo i kwanza, ncha ya ulimi ibaki imegota juu nyuma ya meno mpaka sauti iishe. Anayechanganya L na R aanze mbali: atamke r ya Ruvuma mara kumi, halafu akate neno baada ya silabi ya kwanza, u aigeuze kuwa a fupi, amalizie na n.